Kitambaa Chekundu cha Kulwa

Mama Nathaniel wa Bujora, jina lake la kuzaliwa Kashindye, ana kondoo kumi na mmoja na daftari moja. Ukimuuliza anapenda nini zaidi atakuambia kondoo, lakini usimwamini. Kondoo hulala zizini. Daftari hulala chini ya mto wake.

Kuliandika alifundishwa na Odeta, mtaalamu wa mifugo wa kata yao: kondoo gani kadungwa sindano, dawa gani, tarehe gani, na siku ngapi za kungoja mpaka dawa iishe mwilini ndipo nyama yake iliwe. Wenzake wengi waliitikia ndiyo, ndiyo, kisha wakaenda zao. Yeye akaongeza na la kwake. Kila kondoo anayengoja humfunga kitambaa chekundu shingoni, na siku zikitimia anakifungua. Alikuwa akijisifu kwamba hapo hata mgeni asiyejua kusoma ataelewa. Kumbe wageni wengine, jamani, wamesoma mno!

Mwaka huu mjukuu wake Gladness alikuwa abatizwe Jumapili ya tarehe ishirini na nne Agosti. Kashindye alishatangaza kwamba siku hiyo atachinja dume lake moja. Alikuwa na madume mawili mapacha, na kwa desturi ya mapacha wa Usukumani akawaita Kulwa na Doto, wote weupe mwili, weusi kichwa, wamefanana hata mama yao huwanusa mara mbili. Mwanzoni mwa mwezi Kulwa akaanza kukohoa na kukataa majani. Odeta akaja, akamdunga penisilini, akasoma lebo ya chupa: siku ishirini na nane.

"Basi tutachinja Doto," Kashindye akasema, akamfunga Kulwa kitambaa, akaingia ndani kuandika.

Hakuwa akiandika kwa kumfurahisha Odeta tu. Adventina, mkewe Nathaniel, alipojifungua Gladness alidungwa dawa hiyohiyo. Mama wee! Midomo ilivimba, koo likabana, na Kashindye ndiye aliyekuwa amemshika mkono akipiga kelele waje watu. Daktari alipomtuliza aliwaambia dawa hiyo asiiguse tena maisha yake yote. Kashindye alimpenda mkwe wake yule, na tangu siku ile akampenda kwa woga.

Siku tatu kabla ya ubatizo akafika mama yake Adventina kutoka Bukoba, Mama Prudencia, mwalimu mstaafu, mtu wa rozari na wa kupiga pasi hata khanga za jikoni. Wakakumbatiana, wakapeana habari za safari, wakala ndizi alizokuja nazo. Mambo yalikuwa mazuri, na Kashindye alikuwa na furaha tele.

Jumamosi asubuhi akaja jirani yao Shimba, mchinjaji, na kisu chake kimenolewa. Kashindye akafungua zizi. Kulwa na Doto wakamtazama, shingo zote mbili tupu.

"Nani kafungua kitambaa?" akauliza. Akauliza tena, sasa kwa sauti ya kufukuza mbwa.

Kulwa alishapona, hakohoi, anakula kama mwenzake. Kashindye akawazunguka, akawapapasa, akafunua masikio. Shimba akacheka. "Mama, mfugaji gani hamjui kondoo wake? Chagua mmoja tuendelee, jua linapanda."

Moyo ulimwambia wa kushoto ndiye Doto. Lakini akikosea je? Aliwaza ile midomo ya Adventina iliyovimba.

"Hachinjwi yeyote," akasema. "Nenda sokoni Kisesa ukaniletee sato wakubwa, na kuku nitakamata mwenyewe."

"Dume ulilitangaza! Watu watakusema."

"Waseme. Midomo ni yao."

Hapo Mama Prudencia akatoka jikoni, uso umemshuka. "Mama Nathaniel, ni mimi. Nilikikata jana jioni. Nilidhani ni hirizi. Nikasema mjukuu wangu abatizwe nyumba ina mambo ya waganga? Nikakitupa motoni na Salamu Maria nikaisali."

Kashindye akataka kukasirika, na kwa kweli alikasirika. Yaani hirizi! Nyumbani kwake, yeye mwimba kwaya! Lakini akaingia ndani, akarudi na daftari, akampa mkononi.

"Mwalimu, soma mwenyewe."

Prudencia akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile ya darasani. "Tarehe tatu, mwezi wa nane. Kulwa. Kikohozi. Penisilini, shingoni. Asichinjwe kabla ya tarehe thelathini na moja." Chini yake palikuwa na mstari mwingine, umekolezwa kwa kalamu mara mbili. Akausoma polepole. "Adventina asionje hata mchuzi."

Akaufuata mstari ule kwa kidole mara ya pili. Tarehe tatu yeye alikuwa Bukoba, hajui hata kama kuna kondoo amekohoa.

"Umemwandika mwanangu," akasema.

"Mwanetu," Kashindye akajibu, na hasira ikamwishia palepale.

Gladness akabatizwa, wakala sato na kuku, na waliotaka kusema walisema huku wakiomba waongezewe. Mama Prudencia alikuwa arudi Bukoba Jumatatu, lakini hakuondoka. Alichana kilemba chake chekundu cha kanisani vipande viwili, akamfunga Kulwa kimoja na Doto kimoja, kwa kuwa hakuna aliyejua yupi ni yupi. Kila asubuhi akawapelekea majani mwenyewe, na aliporudi alimuuliza Kashindye, "Zimebaki siku ngapi, mkwe wangu?" Jibu alikuwa analijua.