Nilimfundisha Askari Salamu ya Uongo

Ndugu zangu, kosa ni langu, na sitamsingizia shetani wala vita. Nilicheza na ulimi wa mtu, nikaona raha, na mwanamke mzee ndiye aliyeumia.

Miaka ile ya vita nilikuwa msichana, nauza makemba, zile ndizi za kukaanga, hapa Kindu, karibu na bandari. Walinda amani kutoka Amerika ya Kusini walikuwa na boti zao pale mtoni. Mmoja wao, fundi wa injini, nitamwita Ramiro. Kila asubuhi alinunua makemba na tukabadilishana maneno: yeye ananipa la Kihispania, mimi nampa la Kiswahili. Maji, agua. Moto, fuego. Nilikosea, akacheka, nikarudia mpaka neno likanikaa mdomoni.

Siku moja akaniuliza wazee wa hapa wanasalimiwaje kwa heshima. Utundu ukaniwasha. Nikamwambia avue kofia, ainame, aseme, "Niko na njaa, mama."

Alisema hivyo mtaa wetu mzima wa Kasuku. Mama zetu, kwa huruma, wakamwekea sahani. Yeye alidhani ndiyo desturi, kwamba kukataa ni matusi, basi akala kila mahali. Suruali ikaanza kumbana. Mimi nilicheka mpaka machozi.

Lakini chakula chenyewe kilikuwa haba. Njia ya Kailo ilikuwa na watu wa bunduki, mihogo haikufika. Hilo sikulifikiria.

Kisha akamsalimia Koko Mwajuma, bibi jirani yangu, mjane aliyelea wajukuu peke yake. Nilipopita nikaona manyoya uani. Alikuwa amemchinja kuku wake wa mwisho, aliyekuwa akiwatagia watoto. Ramiro yuko kwenye kiti, sahani magotini. Wajukuu wamesimama ukutani, wanatazama kila tonge likipanda.

"Kuja ukule na wewe," Koko akaniita. Na mimi nikala. Paja zima.

Jioni ile nilimfuata Ramiro bandarini. Sikuwa na maneno ya kutosha. Nikasema, "Saludo, no. Hambre." Si salamu, ni njaa. Akageuka, akainamia injini yake.

Kesho yake alibeba mfuko wa maharagi, akanipeleka kwa Koko nimtafsirie. Alisema hakujua, alidanganywa, anaomba msamaha. Koko akanigeukia. "Anasema nini?"

Hapa ndipo nilipoharibu zaidi. Niliogopa fimbo ya baba. Nikasema, "Koko, anasema kwao muntu akifika kwa watu anaomba chakula, hana haya."

"Basi mama yake hakumulea," Koko akasema. Akapokea maharagi, akageuza mgongo.

Ramiro akaniuliza kama nimemwambia yote. "Todo," nikajibu. Yote.

Tangu siku hiyo alipopita, Koko aliingia ndani. Ramiro alisimama kidogo pale njiani, kofia mkononi, kisha akaenda. Kikosi chao kikahamishwa, hatukumwona tena.

Kihispania kilinibakia. Leo watawa na wageni wakija, mimi ndiye ninayeitwa kutafsiri. Wananisifu: umejifunzia wapi? Nasema, bandarini, kisha nabadilisha mazungumzo.

Mwaka huu nilienda kwa Koko nikamweleza yote. Sasa haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima. Nikangoja matusi.

"Kumbe nilimutukana mutoto wa wenyewe bure," akasema. "Muite kwa telefone."

"Sina namba yake, Koko. Hata jina la baba yake sikuuliza."

Akafikiri. "Kwa luga yake, nisamehe wanasema namna gani?"

"Perdón." Mara hii nilimfundisha kweli tupu.

Sasa anakaa mlangoni kwake, na akisikia mgeni anapita na pikipiki, anapaza sauti: "Perudoni, mutoto wangu! Perudoni!" Wageni wanasimama, wanamshika mkono, hawaelewi kitu. Majirani wakiniuliza Koko ana nini, nalazimika kuhadithia upya, mbele ya watoto wangu.

Wewe ambaye mgeni anakuuliza neno, mpe neno lenyewe. Ukitaka kucheka, cheka anavyolitamka.