Nilivyomnywesha baba mkwe chai ya miaka tisa, majani yale yale mara saba

Wakuu, kwema?

Mimi si mtu wa kuanzisha nyuzi humu, huwa nasoma na kupita. Hili nawapa kama lilivyotokea. Sitaongeza chumvi, na mtaona hata sukari haikuwepo.

Niko Songea, Msamala. Kazi yangu udereva. Nina mke na mtoto mmoja, Zuhura.

Mwezi Julai mke wangu alirudi kwao Namtumbo. Sikumpiga, na mchepuko sina. Kosa langu lilikuwa blanketi.

Mama mkwe alikuja kututembelea, na wanaoijua Songea ya Julai wanaijua baridi yake. Kabatini kulikuwa na blanketi zito, jipya, bado liko kwenye nailoni. Mke wangu akaomba tumpe mama alale nalo. Nikasema lile ni la wageni.

Akaniuliza, "Kwani mama yangu ni nani?"

Nikatoa la zamani. Bibi wa watu akaamka anatetemeka. Siku hiyo hiyo akaondoka, na mke wangu na mtoto wakaondoka naye.

Ndivyo nilivyo wakuu. Nimekulia kwenye shida, nikipata kitu kizuri nakifungia. Ufunguo wa kabati hautoki mfukoni. Mke wangu alikuwa akisema nyumba yetu ina vitu vizuri vinavyomsubiri mtu ambaye hajazaliwa. Nilikuwa nacheka.

Wiki ya tano baba mkwe akapiga simu. Anakuja, peke yake, anataka kunisikiliza kabla hajakaa na ndugu zake kuamua. Nikajua akirudi na jibu baya, ndoa imeisha.

Nikawaza nimkaribishe na nini. Kuku? Kila mkwe anachinjiwa kuku. Ndipo nikakumbuka ile chai.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa naendesha lori kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, upande wa Madaba. Kulikuwa na fundi mmoja wa Kichina, tulielewana sana. Siku anaondoka alinipa chai inaitwa pu-erh, imeshindiliwa ikawa duara kama chapati nene, imefungwa kwenye karatasi. Akaniambia hii kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga.

Kumwambia mtu kama mimi kwamba kitu kinanoga kikikaa! Nikaifungia kabatini.

Mzee alifika baada ya alasiri. Shikamoo, marahaba, karibu ndani. Nikafungua kabati mbele yake. Chai ilikuwa juu ya blanketi. Mzee akaliona blanketi na nailoni yake.

Sasa oneni nilivyojichimbia kaburi.

Chai ile unaimegua kwa kisu, unaweka kwenye birika dogo, unamimina maji ya moto na kuyamwaga hapo hapo. Ni kuosha majani tu. Nikayamwaga nje dirishani, mzee akayasindikiza kwa macho.

Nikamimina mengine, nikamtilia kwenye kikombe cha kahawa, vile vidogo, kama fundi alivyonifundisha. Mzee akaangalia meza nzima.

"Sukari iko wapi?"

"Hii hainywewi na sukari, baba."

Akanywa. Chai nyeusi, harufu yake udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Mafunda mawili kikombe kikaisha. Nikaongeza maji kwenye majani yale yale.

Mzee akaweka kikombe chini.

"Baba Zuhura. Chai ya kwanza umemwaga. Sukari hakuna. Kikombe cha mtoto kuchezea. Na sasa unanirudishia majani? Kwetu majani yakishatoa chai hapewi mgeni tena. Hata msibani."

Wakuu, jasho lilinitoka. Mtu amekuja kuchunguza kama mimi ni mchoyo, na mimi namjibu kwa makapi! Mzee akashika kofia yake, akaanza kuinuka.

Nikamwambia, "Baba, onja haya tu. Yakiwa mepesi ondoka, sitakuzuia."

Akakaa. Akanywa, akanywa tena.

"Yamekolea kuliko ya kwanza."

Akavuta birika, akafunua, akanusa. Akatoa jani moja akalisugua kwa vidole. Mzee huyu amelima tumbaku maisha yake yote. Alikuwa anakesha kwenye bani, zile nyumba za kukaushia tumbaku, kabla mimi sijazaliwa.

"Jani hili limevundikwa," akasema. "Kuna mtu alilisubiri. Ongeza maji."

Maji ya tatu, ya nne, ya tano. Ule udongo ukapungua, ukaja utamu unaobaki kooni ukishameza. Habari za ndoa hatukugusa. Alinieleza moto wa bani tu, kwamba ukiuharakisha jani linaungua, ukiusahau linaoza. Maji ya sita rangi ikawa ya asali. Nikaona nimepona.

Maji ya saba, akauliza taratibu, "Mwanangu aliionaje hii chai?"

Nikatazama kikombe.

"Hajawahi kuionja, baba."

"Mmeoana miaka mingapi?"

"Saba."

"Na chai iko humu miaka tisa."

Bora angenitukana. Niliona aibu mpaka macho yakalowa, mwanaume mzima.

Akamaliza kikombe chake. "Majani haya yana nguvu bado?"

"Ya mara mbili, labda tatu."

"Usiyamwage. Nitamwambia aje kesho. Maji ya nane ni yake. Akiona hayafai, atarudi kwangu na sitamzuia."

Nikaenda kabatini, nikaichana ile nailoni kwa mikono yangu, nikampa blanketi ampelekee mama. Alilipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake mke wangu akaja na Zuhura. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba begani. Nikamtilia maji ya nane, kikombe kikubwa safari hii. Akanywa bila kunitazama.

"Inanukia stoo ya bibi," akasema.

Nikasubiri.

Akashusha mkoba chini.

"Lete sukari."

Wakuu, sheria za fundi nilizisahau pale pale. Nilileta kopo zima.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Chai inanoga ikifungiwa, mke hanogi hivyo. Ufunguo sasa unaning'inia kwenye msumari, anayetaka afungue.

Haya, na nyie wenye makabati yaliyofungwa, semeni mmeficha nini humo na mnamsubiri nani. Niko hapa nasoma, kikombe mkononi.