Aliyekuja Kuisikia Besi Yake

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Pombe sijawahi kuonja, kichwa changu ni kizima, na kanisani kwetu mimi ni mzee wa kanisa. Jambo hili lilinipata mchana, saa tisa na nusu, nikiwa nimeshiba ugali na sukuma wiki, katika nyumba moja ya mtaa wa Elgon View, mjini Eldoret, ambayo mpaka leo imesimama na watu wanaishi ndani. Nikikudanganya nitafaidika nini?

Ilikuwa miaka ya themanini, chama kikiwa kimoja na redio ikiwa ni ile ya serikali tu. Nilikuwa nimetoka kwetu Kakamega kutafuta riziki, nikapata kibanda karibu na soko la Eldoret, nikawa natengeneza redio na gramafoni. Lakini kilichonipa jina si mikono, ni masikio. Watu wenye vyombo vya maana walikuwa wananiita nyumbani kwao nikae, nisikilize, niwaambie chombo kina ubaya gani. Na zaidi ya yote nilijua besi. Unaijua besi? Ile sauti nzito ya chini kabisa, ambayo kifua kinaisikia kabla ya sikio. Watu wengi hudhani besi nzuri ni ile ya kutikisa nyumba. Sivyo. Besi nzuri inaingia kwa wakati wake, inasema neno lake, inanyamaza. Ile mbaya inabaki chumbani ikizungukazunguka kama mgeni aliyesahau kwenda kwao. Niliringa sana kwa kujua hayo, sitakuficha.

Basi kulikuwa na daktari mmoja wa upasuaji, mtu wa upande wa ziwa, aliyesomea Ulaya na kurudi na ugonjwa wa kupenda muziki. Alikuwa na chumba kizima cha kusikilizia tu: zulia zito, mapazia mazito, kochi moja, kiti kimoja cha mikono, na kabati la vioo lenye vikombe vya mkewe. Majirani walinong'ona kwamba ni chumba cha mikutano ya siri. Siku hizo nani angeamini mtu amejenga chumba ili asikilize gitaa? Daktari alikuwa ameagiza spika mbili kubwa, kila moja ikinifika kifuani, akaniita nizipime.

"Fundi," akaniambia, "walioniuzia wanasema hizi zinashuka mpaka chini kabisa. Wewe niambie ukweli. Ni spika, ama nimenunua makabati?"

Kabla hatujaanza, simu ikalia. Hospitalini walikuwa wanamtaka haraka. Akaniachia chumba na rekodi zake zote, akasema nisikilize mpaka arudi. Tukabaki mimi na Mama Selina, aliyekuwa akitunza nyumba hiyo, naye alikuwa jikoni kule nyuma. Mara mvua ya mawe ikaanza, ile ya Agosti ya Eldoret, isiyobisha hodi.

Niliweka kwanza rekodi ya kinanda cha kanisa, kile kikubwa cha mabomba. Mpigaji alipokanyaga sauti ya chini kabisa, vikombe vya kabatini vikaanza kulia, maji kwenye glasi yangu yakafanya mikunjo, na picha ya Rais ukutani ikapinda. Nilikimbia kuinyosha. Usicheke, hata ukiwa peke yako picha ile haikuachwa imepinda. Halafu nikazunguka chumba. Pembeni besi ilikuwa imevimba, katikati ikapotea kabisa, kama mtu amefungua shimo sakafuni ikaanguka humo. Nikazisogeza spika kidogo kidogo, nikikaa na kuinuka, kukaa na kuinuka, mpaka kwenye kochi besi ikatimia. Nikajiambia, la, haya si makabati.

Nilipogeuka kubadilisha rekodi, palikuwa na mtu kwenye kile kiti cha mikono.

Alikuwa mwembamba, labda wa miaka thelathini na mitano, ndani ya suti ya kahawia iliyomzidi mabegani. Vidole vyake vilikuwa virefu na ncha zake zimekuwa ngumu. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Niliviona hivyo viatu, na nje mawe yalikuwa yanaanguka, lakini akili haikuunganisha. Unajua niliogopa nini? Niliogopa serikali. Zama hizo mtu usiyemjua akikaa kimya karibu nawe, ulijua amekuja kusikiliza, na si muziki.

"Mimi ni fundi tu," nikasema haraka. "Daktari ametoka."

"Sikuja kwa Daktari." Kiswahili chake kilikuwa cha ziwani. "Nilisikia hapa kuna masini inayotoa besi yote. Ni kweli?"

"Ni kweli, ndugu yangu."

"Basi niwekee ile ndogo, ya tatu kutoka mwisho."

Alikuwa anaonyesha rafu ya Daktari. Nikaitoa. Ilikuwa rekodi ya bendi ya benga iliyokuwa ikipiga dansi huku kwetu magharibi. Nikamuuliza kama anaipenda.

"Besi hapo ni mimi nilipiga," akasema. "Lakini sijawahi kuisikia."

Nikacheka. "Utaipigaje usiisikie?"

"Kwa dansi spika yangu ilikuwa imepasuka, na studio hawakutupigia tulichorekodi. Nilikuwa naisikia kwa mifupa tu. Na hii rekodi nimeifuata nyumba kwa nyumba, kila mahali ni redio ndogo. Redio ndogo haina chini, fundi. Wewe unajua."

Hapo hofu ikanitoka, nikamhurumia. Nikaweka rekodi, nikaiachia sauti. Ewe, magitaa yalimeta! Mwimbaji alikuwa kama amesimama mbele yetu. Lakini besi? Ilikuwa kama nzi ndani ya kopo. Nikahamisha spika. Nikarudia mwanzo. Nikapiga magoti nikaweka sikio kwenye spika yenyewe. Hakuna.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema rekodi imechakaa. Lakini nilikuwa fundi mwenye masikio, na nilipenda kusikika nikijua. Nikamweleza kwamba rekodi zikichongwa hukatwa besi, maana besi nzito huirusha sindano. "Hii yako waliikata," nikasema. "Haimo. Hata ukiipeleka Ulaya, haimo."

"Haimo kabisa?"

"Kabisa, ndugu yangu. Hapo umebaki mkwaruzo tu."

Akainamisha kichwa. Upande wa rekodi ukaisha. Halafu akasema polepole, kama mtu anayejisemea, "Kwa hivyo haiko mahali popote."

Nilirudisha sindano mwanzo. Wimbo haujafika mbali, umeme ukapotea. Rekodi ikaanza kulegea, sauti ya mwimbaji ikarefuka, ikazama, ikafa. Chumba kikawa cha kijivu, na mvua juu yetu.

Yule mtu akaanza kugonga mkono wa kiti kwa vidole.

Niamini mimi. Umeme haukuwepo. Niliangalia taa ya amplifaya, kile chombo cha kukuza sauti, ilikuwa imezimika. Na besi ikaingia chumbani. Ilitoka sakafuni, ikanipanda miguuni, ikakaa hapa, chini ya moyo. Ilikuwa inatembea kama mwanamume anayerudi nyumbani na habari njema: haina haraka, haikosei hatua, pale unapodhani itaanguka inasimama, inakuacha na ukimya kidogo, halafu inakuchukua tena. Katika maisha yangu sijasikia kitu kama kile. Wimbo ulikuwa ule ule, nao haukupigwa na gitaa lolote, lakini wote ulikuwa mle ndani ya besi. Vikombe vililia. Picha ikapinda ukutani na sikuinyosha. Machozi yalikuwa yananitoka, na ndipo macho yakarudi kwenye vile viatu vikavu, na akili ikafika.

Nikajua ninakaa na nani.

Yeye mwenyewe alikuwa ameinamisha sikio upande mmoja, kama mtu anayetega mlangoni. Nilimwona usoni. Alikuwa hasikii. Alikuwa anapiga, nyumba nzima inatikisika, na yeye hasikii kitu.

"Fundi," akasema. "Wewe ndiye unayejua. Inasikika?"

Kwetu tulilelewa tukiambiwa: mfu akikuuliza, usimwitikie. Ukisema ndiyo, umemkaribisha, atakufuata mpaka kitandani kwako. Maneno hayo yalinijia kinywani yakiwa na sauti ya bibi yangu.

"Hapana," nikasema. "Sisikii kitu."

Vidole vikasimama. Besi ikakatika. Hakukasirika, na heri angekasirika. Aliniangalia kama mgonjwa anavyomwangalia daktari aliyemwambia mambo yalivyo.

"Asante kwa kuniambia ukweli," akasema.

Umeme ukarudi. Rekodi ikaamka ikaendelea kuimba kwa ile sauti yake nyembamba. Kiti kilikuwa kitupu.

Nilikimbilia jikoni. Mama Selina aliapa hakuna mtu aliyepita, mlango wa mbele ulikuwa na kufuli na wa nyuma alikuwa ameukalia. Halafu akaniuliza jambo ambalo ndilo linanifanya nijue sikuota. "Lakini wewe fundi, umeme ukiwa umepotea, ulikuwa unapiga nini huko? Sufuria zangu zilikuwa zinatembea mezani."

Daktari aliporudi jioni nilimwambia spika zake ni nzuri. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, mpiga besi wa ile rekodi yuko wapi.

"Huyo alikuwa mtu wa kwetu," Daktari akasema. "Alikufa kwa kifua, kule hospitali ya misheni Plateau, wiki chache kabla rekodi haijafika madukani. Tuliipiga matangani kwa kigramafoni cha betri. Maskini, hata haikusikika vizuri."

Sikulala mwezi mzima. Mwishowe nilimwomba Daktari anielekeze, nikapanda basi nikateremka mpaka upande wa ziwa, kwa mama yake. Nilimkuta anapura mtama uani, mama mzee mwenye kilemba cheupe. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni fundi wa redio kutoka Eldoret na mwanawe alinijia. Nilidhani atanifukuza. Alinivutia kigoda.

"Hapa pia alikuwa anakuja," akasema. "Anakaa hapo ulipokaa, anagonga, anauliza. Nami namwambia ndiyo, mwanangu, nakusikia. Lakini anajua mimi ni mama. Mama husema ndiyo kwa kila kitu. Akaniambia ataenda kutafuta mtu anayejua." Akaniangalia. "Kumbe ni wewe alikupata. Ulimwambia nini?"

Nilimweleza. Sikuweza kumdanganya mama huyo. Aliuweka mti wake wa kupuria chini, akafunika mdomo kwa mkono. Kuku walikuja wakaanza kula mtama mbele yetu na hakuwafukuza.

"Basi ndiyo maana haji tena," akasema.

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Hakunilaani. Alichukua mti wake akaendelea na kazi, nami nikaondoka bila kuagwa.

Nilijaribu kurekebisha, Mungu ni shahidi. Nilimwomba Daktari aniruhusu kukaa chumbani kila mvua ikinyesha mchana. Yeye alidhani napenda muziki. Nilikuwa nikizima kila kitu, nakaa kwenye kochi, nasema kwa sauti, "Ndiyo! Inasikika! Nilisema uongo!" Mama Selina akaanza kuniogopa. Mwaka ukaisha, wa pili, wa tatu. Daktari akahamia Nairobi na spika zake. Mtu yule hakuja, na sitarajii.

Kisha masikio yangu yakaanza kufa kutoka chini. Kwanza ngoma ya kanisani. Halafu lori: siku moja nusura linikanyage kwenye barabara ya Burnt Forest, nimeligeukia likiwa limenifikia. Leo nikiwa nyumbani naona umeme ukipiga mbinguni, naona vioo vya dirisha vikitetemeka, naona watoto wakijificha, na ngurumo yenyewe siisikii. Nilipelekwa kwa wataalamu, wakasema masikio hayana kasoro. Kibanda nilifunga. Fundi wa besi asiyesikia besi atafanya nini?

Na hili ndilo linanimaliza. Hata leo mtu yule akirudi, akae kwenye kiti, agonge vile alivyogonga, aniulize tena, mimi sitaisikia. Nikisema ndiyo, nitakuwa nasema uongo kama mama yake, naye atajua. Mtu mmoja duniani aliisikia ile besi kwa masikio ya kujua, na ni huyo aliyemwambia haipo.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, shika neno. Mtu akikuletea kazi ya mikono yake akuulize kama inasikika, na wewe umeisikia, usipoteze wakati kutafuta kama ni hai au ni mfu. Acha akufuate nyumbani, acha akae kitandani kwako akitaka. Jibu hapo hapo, hata kama meno yanagongana. Ni neno fupi tu. Mimi lilinishinda.