Mahubiri ya Kukamua

Shangazi yangu ni dobi, na mtaani wanamwita Mama Pasi. Anafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye dirisha la barabarani. Meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa, ukatandikwa blanketi, na shuka juu ya blanketi. Kila mteja ana uzi wake wa rangi, ambao shangazi anaushona ndani ya kola ili nguo za watu zisichanganyike. Muuza nyama ana uzi wa kijani. Mhubiri wa kanisa letu, ambaye wote tunamwita Mtumishi, ana uzi mwekundu. Mwalimu anayefundisha Biblia siku za Jumatano ana uzi wa kijivu, na shangazi anasema aliichagua rangi hiyo mwenyewe, maskini ya Mungu, kama mtu anayeogopa kuonekana.

Watu wengine wakitaka kujua kama mahubiri yalikuwa ya kweli, nadhani husikiliza kilichosemwa. Shangazi hakuwa na haja hiyo. Yeye alisubiri Jumatatu shati lije. Akilipokea alilikunjua kola, akaliinua penye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwapani, halafu akatoa hukumu. Shati likija limelowa mpaka kiunoni, basi Bwana alishuka. Likija kavu, mhubiri alikuwa anapiga soga.

"Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo," alikuwa akisema, "lakini kwapa atalidanganyaje?"

Na msidhani alikuwa peke yake. Akina mama wa kanisani walipita Jumatatu asubuhi wakijifanya wanaulizia shuka zao, kumbe wamefuata matokeo. "Mama Pasi, jana ilikuwaje?" Wenyewe walikuwepo. Walikuwepo wakaruka, wakalia, mmoja akapoteza na kiatu, lakini hawawezi kujua walibarikiwa mpaka dobi aseme. Aliwahi kuja mhubiri mgeni, mtu wa sauti ya chini, akafundisha habari ya kusamehe. Kanisa zima likatulia tuli, na majirani wawili waliokuwa hawasemeshani wakatoka wameshikana mikono. Jumatatu shati lake likaja kavu. "Hajafanya kitu," shangazi akasema, na yule mgeni hakualikwa tena.

Mtumishi ndiye aliyekuwa bingwa. Shati lake lilikuja zito kama mtoto aliyelala. Pamoja nalo, kila wiki, alileta fulana ya sufu, nene, kama ya mlinzi wa ghala wakati wa baridi. Wakati huo joto lilikuwa la kuchoma, mbwa wanalala mitaroni. Shangazi aliifua ile fulana bila kuuliza, akaianika, nayo ikachuruzika kambani mpaka jioni. Mimi niliiangalia tu. Kwetu mtoto anayeuliza sana anapewa beseni la soksi.

Shati la Mwalimu lilikuja karibu safi kama lilivyoondoka. Palipochakaa ni kwenye viwiko, palipopauka na kutoka nyuzi, na shangazi alikuwa ametia viraka. "Huyu hafundishi," alisema, "huyu analalia meza." Kanisani walimbandika jina la Mstari Unaofuata, kwa sababu mtu akimaliza kusoma mbele yake, hata kama amesoma vizuri, yeye huinua kidole na kusema, "Haya, na mstari unaofuata?" Vijana walimtania barabarani.

"Mwalimu, shikamoo!"

"Marahaba, wanangu."

"Na mstari unaofuata?"

Naye anacheka pamoja nao, anapita.

Sasa nije kwa bibi, mama wa shangazi na wa baba yangu. Bibi ana ugonjwa wa presha tangu sijazaliwa. Vidonge vyake vilikaa kwenye kopo la biskuti kando ya kitanda, kopo aliloenda nalo hata kanisani, na kitanda chake kilikuwa humo humo chumba cha mbele, uso kwa dirisha, maana bibi asipoona barabara haishi vizuri. Kutwa nzima anawasema wapita njia. "Huyu naye kanunua viatu vya nani?" Shangazi anapiga pasi, bibi anasema, na kazi inakwenda.

Jumapili moja Mtumishi akahubiri habari ya mfalme aliyeugua akakaribia kufa. Nabii akaja akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana haponi. Mfalme akafanyaje? Akageuza uso ukutani, akaomba, akalia, na Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano. Hapo Mtumishi akafunga Biblia kwa kishindo, akavua koti.

"Alikwenda duka la dawa?" akauliza.

"Hapana!" kanisa likajibu.

"Alipima presha?"

"Hapanaaa!"

"Wenye vidonge, leteni mbele! Imani na vidonge havikai mkoba mmoja!"

Mzee wa kanisa akasimama mbele na beseni. Lilikuwa beseni la bluu la shangazi, alilokuwa ameliazimisha kanisa kwa ajili ya kuoshea sakafu. Watu wakamiminika. Bibi naye akainuka, akaenda kwa fimbo yake, akamimina vidonge vyake vyote, na kanisa zima likampigia makofi. Bibi hajawahi kupigiwa makofi maishani mwake. Alirudi kwenye benchi anatabasamu kama bibi harusi.

Kesho yake shati lilipokuja, shangazi aliniita uani. "Njoo uone." Akalishika huku na huku, akalisokota, na likatoa maji kabla halijaguswa na maji. "Umeona? Haya ndiyo mahubiri ya kukamua!" Wiki ile alitia wanga kwenye kola ya Mtumishi mpaka ikasimama yenyewe kama sahani.

Bibi aliendelea na tabasamu lake kwa muda. Halafu akaanza kushika kisogo. Halafu miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Asubuhi moja akaniita kwa jina la dada yake, ambaye alikwisha kufa zamani, akanituma nimwite baba yao. Shangazi alisikia. Alikuwa anapiga pasi shati la muuza nyama, na alilipiga mkono ule ule, ule ule, mpaka nikadhani atautoboa.

"Shangazi, tumpeleke zahanati," nikasema.

"Unataka aonekane mbele za Mungu kama mtu asiye na imani? Baada ya makofi yale?"

Mtumishi alipokuja Jumatatu asubuhi kuchukua nguo, shangazi alimsimulia yote. "Mtumishi, mama yangu anazidi. Nisaidie. Sina mama mwingine."

Mtumishi akamtazama bibi, akatazama kitanda, akatazama dirisha. "Anaangalia wapi akilala?"

"Barabarani."

"Si ndiyo hapo mnapokosea! Mfalme aligeukia wapi?"

"Ukutani."

"Basi!" Akabeba shati lake lililonyooka, na fulana, akatuachia za wiki ile, akaondoka.

Jamani, tukageuza kitanda. Mimi nilishika miguuni, shangazi kichwani, tukamwelekeza bibi ukutani huku akilalamika.

"Sasa hapa nitamsema nani?"

"Omba, mama."

"Nimekwisha kuomba. Ukuta huu una ufa, na ndani ya ufa mna mjusi. Yeye hajambo."

Jioni hiyo Mwalimu akaja kuchukua shati lake. Akasimama mlangoni, akaona kisogo cha bibi pale alipozoea kuona uso wake.

"Shikamoo, mama. Mbona leo umetupa mgongo?"

"Marahaba. Waulize hawa. Mimi ni mfalme sasa."

Shangazi akamweleza kwa mkato, huku akilifunga lile shati kwenye gazeti. Mwalimu hakubishana. Alitazama miguu ya bibi iliyovimba, akakunja uso. "Mpelekeni zahanati leo, dada yangu. Na ile habari ya mfalme, je, mmesoma mstari unaofuata?"

Shangazi akacheka kicheko kibaya. "Mwalimu, mama yangu anaumwa, wewe unaniletea utani wako wa darasani? Nenda bwana. Shati lako hilo, hata halikuhitaji sabuni."

Mwalimu akachukua gazeti lake. "Si utani," akasema, akatoka. Dakika chache baadaye nilimwona bado amesimama ng'ambo ya barabara, kama mtu anayetaka kurudi na hajui aingie na maneno gani.

Aliyetuokoa ni bibi, tena kwa umbeya. Wazee wakiongea, wanapenda kulinganisha magonjwa. Basi kwa kuwa hakuna barabara ya kutazama, bibi akaanza kumfikiria yule mfalme.

"Wee, hivi mwenzangu yule alikuwa anaumwa nini?"

"Nani?" shangazi akauliza. Alikuwa ameshaweka shati la Mtumishi la wiki ile mezani, pasi ya mkaa imeiva.

"Mfalme. Presha?"

"Mtumishi hakusema."

"Unawezaje kuhubiri mgonjwa usiseme anaumwa nini? Hebu nisomee."

Shangazi akatoa Biblia chini ya mto wa bibi, akaishika kwa mkono mmoja, pasi mkono mwingine. Akasoma kwa sauti ya ushindi: nabii kaja, mfalme kageukia ukuta, kaomba, kalia, Mungu kasikia, miaka kumi na mitano. Akafunga.

"Mbona umefunga?" bibi akasema ukutani.

"Imeisha."

"Imeishaje? Sijasikia anaumwa nini. Wala sijasikia alivyopona. Endelea!"

Shangazi akafungua tena, akitafuta mahali kwa kidole. Akasoma taratibu. Nabii yule yule, aliyetumwa na Mungu yule yule, anaagiza ziletwe tini, matunda yaliyokandwa pamoja kama mkate. Wakazileta. Wakaziweka juu ya jipu la mfalme. Ndipo akapona.

Mimi nilisikia mkaa ukilia ndani ya pasi.

"Jipu," bibi akasema. "Alikuwa na jipu." Akawaza. "Na hizo tini walimlisha?"

"Hapana. Walimbandika."

"Kwa hiyo ni dawa."

Shangazi akaurudia mstari ule kwa kidole.

"Nakuuliza wewe. Mungu amekwisha kusema atapona, na bado nabii anatafuta dawa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Sasa mimi mmenigeuzia ukuta, tini zangu mkazimwaga kwenye beseni!"

Hapo ndipo tuliposikia harufu. Pasi ilikuwa imetulia juu ya kifua cha shati la Mtumishi. Shangazi aliinyakua, lakini alama ilikwisha kukaa, ya kahawia, yenye ncha, pasi nzima na pua yake. Tangu aanze kazi hii shangazi hajaunguza nguo ya mtu. Siku nyingine yoyote angelia. Siku hiyo alilitupa pembeni kama tambara, akamwinua mama yake kwapani, akaniambia nikimbie nikamwite Mwalimu aje amshike upande wa pili. Sikukimbia mbali. Alikuwa bado ng'ambo ya barabara.

Kule zahanati muuguzi alitupokea kwa matusi ya adabu. Alisema sisi si wa kwanza, na kwamba tangu Jumapili ile kanisa letu linamjazia benchi. Bibi alilazwa, akawekewa dripu, akapewa vidonge vipya. Aliporudi nyumbani alikuwa ananiita kwa jina langu, na kitanda kilikuwa kimekwisha kuelekezwa dirishani.

Mtumishi akaja kuchukua shati. Shangazi akamtandikia mezani, alama juu.

"Nini hii?"

"Nilikuwa nasoma mstari unaofuata."

"Mama Pasi, unanitania?"

"Mtumishi, tini ulizipeleka wapi?"

"Tini gani?"

"Za mfalme. Ulituleta mpaka ukutani, ukatuacha hapo. Tini zilikuwa mbele kidogo tu."

Mtumishi akakohoa. "Hayo ni mambo ya Agano la Kale, mama."

"Na mfalme je? Yeye alikuwa wa agano lipi?"

Bibi akacheka kitandani mpaka shangazi akamwambia apumzike. Mtumishi akasema siku hizi tunasoma sana, na kusoma sana kunaua moto. Shangazi akachukua ile fulana ya sufu, akaikunja vizuri, akamwekea juu ya mikono.

"Moto huu hapa," akasema. "Uvae vizuri, usije ukapoa."

Aliondoka bila kuaga. Kanisa bado ni lake, msidhani amepungukiwa na watu. Anafuliwa na dobi wa mtaa wa pili, na nasikia huko nako wanakamua. Beseni letu hatujarudishiwa.

Na shangazi? Ningependa kusema amepata hekima. Sasa anahudhuria darasa la Jumatano, amekaa mbele, na ameshampandisha Mwalimu cheo mpaka mwenyewe anaona aibu. Lakini Jumatatu bado anainua mashati dirishani. Haangalii kwapa tena. Anaangalia viwiko. Kiwiko kikichakaa, anasema, huyo mtu anakaa na Maandiko. Akina mama wanaopita wameipokea habari hiyo kwa furaha kubwa, na juzi kijana mmoja anayejifunza kuhubiri alileta shati jipya kabisa, lenye viwiko vilivyosuguliwa ukutani. Chokaa ilikuwa bado ipo.

Shangazi akalishika, akageuza mkono wa shati huku na huku, uso unang'aa. "Mama, hebu ona viwiko hivi! Huyu atafika mbali."

Bibi alikuwa anameza kidonge chake. Akamaliza maji, akaweka kikombe, akarudisha macho barabarani.

"Viwiko vyake wewe mwachie," akasema. "Aliposoma, aliishia wapi?"