Mgahawa Usiokuwepo Kasingirima

Dismasi alikuwa na kipaji kimoja tu, na kwa bahati mbaya hakikuwa na cheti: kunusa chakula cha bei poa. Ungemshusha mji asikomjua hata mbuzi, kabla jua halijazama angekuwa ameshajua mama gani anajaza sahani na mama gani anajaza maneno.

Kigoma aliingia akitokea milimani huko Kasulu, mwaka ule ambao kwao walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa wakaoneshwa kiwanja na kuambiwa nyumba mtajenga wenyewe. Mvua ya kwanza ilipomkuta amelala chini ya mgomba, aliamka akaaga. Mjini akapata kibarua kwenye ghala la shirika moja la umma lililokuwa likinunua mazao. Kazi yake ilikuwa kuhesabu magunia, kuyahesabu tena, na kukaa juu yake mchana meneja akitoka.

Chumba alipanga Ujiji, Kasingirima. Ndani ya muda mfupi mwamba alikuwa ameichora ramani ya tumbo ya mji mzima. Rusimbi kuna Rozalia nyuma ya soko, chapati na maharage. Ukiwahi unapata maharage, ukichelewa unapata mchuzi na ushauri nasaha. Kuna duka linalokukatia sabuni kwa uzi, kipande kinachotosha uso na shingo, mengine ni juu yako. Kuna mzee anauza sigara mojamoja, na ukiongea naye vizuri anakuwashia bure. Jumapili, Mwandiga, ndizi zinashuka bei kabla jua halijawa kali kwa sababu wenye nazo wanataka kurudi nyumbani.

Kazini walimgeuza dira, wakimsalimu kwa Kiha chake. "We Muha, mwakeye! Leo tule wapi?" Naye alikuwa akijibu kwa kukunja mikono kama waziri. Angezaliwa zama hizi za simu angekuwa na wafuasi laki mbili na kitambi cha kwake. Zama zile alikuwa na wafuasi saba, wote wapakiaji magunia, na kitambi hakuna.

Sasa ukaingia mwezi wa Ramadhani.

Dismasi, mtoto wa misheni, alijua kwamba Waislamu hufunga. Hilo alikuwa nalo. Alichokuwa hana ni habari ya jioni ya Ujiji inavyokwenda. Mchana wa kwanza alizunguka akakuta kila jiko limepoa. Rozalia naye ndiyo kwanza alikuwa amekwenda kwao Kalinzi kujifungua. Dismasi akamuuliza jirani yake, kwa sauti ya mtu anayedhoofika, kama kuna mahali popote pa kula.

"Subiri magharibi," jirani akasema. "Magharibi huku chakula kila mahali."

Basi akasubiri. Jua lilipogusa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, akatoka na njaa yake kama anatembeza mbwa. Hakufika mbali. Mbele ya nyumba ya fundi cherehani mmoja, pale barazani ambapo mchana hukaa cherehani na benchi la wateja, palikuwa pametandikwa jamvi. Juu yake, sahani za bati. Uji wa pilipili manga ukifuka moshi. Mihogo, magimbi, samaki wa ziwani, migebuka, iliyolala kwenye mawese mekundu. Wanaume wameketi wanatazama angani.

"Karibu, kijana!" akaita mzee mwenye nyumba. Huyo ndiye Mzee Hamdani, fundi mwenyewe.

Mwenye akili zake angeona futari ya watu, mlango wa watu. Dismasi aliona mgahawa mpya.

Akakaa. Adhana ilipolia wakala, naye akala kwa bidii iliyowatia wenzake moyo. Alipomaliza akauliza, "Nadaiwa kiasi gani, mzee?"

Mzee Hamdani akacheka. "Hapa hakuna deni, mwanangu. Mungu ndiye anayelipa."

Dismasi akaelewa hivi: mzee ni mtu wa aibu, hapendi kutaja bei. Akachomeka sarafu chini ya sahani, akaondoka akipiga mluzi. Wenyeji wakaikuta sarafu, wakatazamana.

"Katoa sadaka," akasema Mzee Hamdani. "Kijana mdogo, moyo wa namna hii!"

Na hapo ndipo balaa lilipowekewa msingi na kupigwa lipu. Kila magharibi Dismasi anakuja, anakula, anaacha sarafu. Yeye anajiona mteja mzuri. Wao wanamwona mtu mwema. Mtu pekee aliyekuwa hamwelewi ni Bi Siwema, mke wa Mzee Hamdani, ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo na mapishi yao na ulimi wao, na vyote viwili alikuwa amerithi. Yeye hupika uani na kusikiliza nyuma ya pazia la mlango. Na alichokuwa akikisikia kilimpandisha presha.

"Mama! Mchuzi leo mwepesi!"

"Mama, huyu samaki mgeuze kidogo, upande mmoja mbichi!"

Siku moja aligonga kikombe kwa kijiko akaomba vijiti vya meno.

"Hamdani," Bi Siwema akamwambia mumewe usiku, "yule mgeni wako nitamkaanga."

"Mvumilie, mke wangu. Mtu wa sadaka yule."

"Sadaka gani ina masimango? Kaniambia nibadilishe mpishi!"

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nimwambie nini? Mpishi si mimi?"

Lakini ukweli usemwe: kesho yake chumvi aliongeza.

Sasa njoo kazini. Meneja wa ghala, Ndugu Faustini, alikuwa mnene wa suti ya Kaunda na mwembamba wa maamuzi. Nafasi ya karani wa ghala ilikuwa wazi, kazi ya kudumu, yenye likizo, yenye pensheni, yenye kiti. Dismasi alikuwa anakiota hicho kiti. Akikipata, ataacha kuamka kila Jumatatu bila kujua kama jina lake litaitwa. Asipokipata, anarudi kijijini kwenye mgomba wake.

Habari zikaja kwamba mkaguzi anateremka kwa treni kutoka Dar es Salaam. Ndugu Ismaili. Mtu wa pwani, mzito, mwenye miwani ya kuvua anapotaka kukutisha. Ndugu Faustini akahangaika: nyumba ya wageni ya serikali haina mchele wala sukari, na fungu la kukirimu wageni lilikuwa limeishia kwenye kukirimu wageni waliopita. Akamwita Dismasi.

"Ndugu Dismasi. Wewe si ndiye bingwa wa migahawa?"

"Najitahidi, Ndugu Meneja."

"Mkubwa ale vizuri, ale kwa bei ya kizalendo. Akishiba, ile nafasi ni yako. Akitoka na njaa..." Akaangalia mlango. Mlango ulikuwa umeelekea njia ya Kasulu.

"Jioni nawapeleka mahali," Dismasi akasema. "Mahali mtasimuliana mpaka mstaafu."

Hapo hakudanganya.

Mchana wa siku hiyo Ndugu Ismaili alijifungia ofisini na mafaili. Baada ya kitambo akachungulia, akamwita Dismasi kwa kidole, akamtuma kwa siri mayai ya kuchemsha kule stesheni, manne, na soda ya baridi. "Chumvi usisahau," akanong'ona. Dismasi akaleta. Mkubwa akala amegeukia ukuta. Dismasi hakuona cha ajabu. Wakubwa wana mambo yao.

Jioni Land Rover ya shirika ikateremka Ujiji. Dismasi alikaa mbele akielekeza njia kwa mkono mzima. Walipofika, jamvi lilikuwa tayari.

"Wazee, leo nimewaletea wateja wakubwa!" akatangaza.

"Karibuni, karibuni," akasema Mzee Hamdani akisogea. Kumwona Ndugu Ismaili na kofia yake, akaongeza, "Assalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam," akajibu mkaguzi, na papo hapo akaganda. Akaitazama tende mkononi mwa mzee. Akawatazama watu wanaotazama angani. Mtu wa pwani haelezwi futari. Akaelewa kila kitu, tangu jamvi mpaka mayai.

Angeweza kusema ukweli. Badala yake akaketi, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyekata jangwa kwa miguu, akasema:

"Dah, mzee wangu. Swaumu ya leo imenibana kwelikweli."

"Mungu akutakabalie, mwanangu."

Dismasi, ambaye alikuwa anamwinamia mkubwa akimchagulia samaki mnono, akashtuka kwa upendo kabisa.

"Imekubana, mkubwa? Yale mayai hayakutosha?"

Vichwa vyote vikashuka kutoka angani.

"Mayai gani?" akauliza Ndugu Ismaili kwa sauti iliyokuwa ikitafuta pa kujificha.

"Yale manne. Ya mchana. Na soda."

Mmoja alikuwa ndiyo kwanza ameinua kikombe cha uji akisubiri adhana, kikamponyoka. Mwingine akaanza kuikagua kucha yake. Adhana ililia na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Ndugu Faustini hakuelewa kilichoharibika ila alielewa kwamba kimeharibika, akafanya kile mameneja hufanya. Akatoa pochi. "Mzee, tutajie kabisa hesabu ya chakula, tulipe mapema."

"Hesabu ya chakula?" akauliza Mzee Hamdani.

"Huyu mzee ana aibu," Dismasi akaeleza. "Mimi huwa namwekea chini ya sahani."

Pazia la mlango likavutwa kando kwa nguvu. Bi Siwema akatoka na mwiko.

"Chakula cha nani kinauzwa hapa?"

"Shikamoo, mama mpishi," Dismasi akasema.

"Marahaba ishindwe! Wewe mtoto, muda wote huu unadhani hapa ni hotelini?"

"Kwani... si mgahawa?"

"Mgahawa wa babu yako! Hii ni futari! Hii ni nyumba yangu! Yule ni mume wangu, ile ni sahani ya harusi yangu, na wewe umenirudishia samaki ndani ya nyumba yangu ukaniomba na vijiti vya meno!"

Dismasi akamtazama Mzee Hamdani. Akaitazama nguzo inakoegemezwa cherehani kila jioni. Moja baada ya nyingine, migebuka yote aliyokula ikaanza kumrudia kichwani ikiwa na majina. Alitamani ardhi ya Kasingirima ifunguke, lakini ardhi ya kule ni ngumu.

"Na zile sarafu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ziko kwenye mkebe," akasema Mzee Hamdani. "Tulijua sadaka." Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alijaribu kukohoa ili kuficha, ikashindikana. Akacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye magimbi, na jamvi zima likamfuata, na Bi Siwema akageuka ukutani na mwiko wake kwa sababu na yeye alikuwa ameshindwa.

Mkaguzi peke yake hakucheka. Mzee Hamdani alipopata pumzi akamgeukia, akamsogezea tende.

"Kula, mwanangu. Umetoka Dar. Msafiri ana ruhusa ya kula mchana, atalipa siku zake baadaye. Ungesema tu."

Ikawa mbaya zaidi. Mkubwa alikuwa amedanganya bure.

Kurudi, Land Rover ilikuwa kimya kama jeneza lenye taa. Dismasi, safari hii nyuma kabisa, alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake kichwani. Walipokaribia mjini Ndugu Ismaili akavua miwani.

"Huyu kijana ana ajira gani?"

"Kibarua tu, mkubwa," Ndugu Faustini akarukia. "Kesho hutamwona."

"Nani amekuambia? Kesho jioni mimi nipo kwenye treni. Yeye akiwa hana kazi atakwenda wapi? Vijana wote wasio na kazi wanakwenda wapi?"

Ndugu Faustini akafikiri. "Dar?"

"Na habari za mayai mdomoni. Mwajiri. Kazi ya kudumu. Hapa hapa." Akavaa miwani. "Na uhamisho, meneja, asipewe. Hata akiomba kwa machozi."

Basi ndivyo Dismasi alivyopata kiti. Wenzake walihamishwa Tabora, wakahamishwa Dodoma, yeye hakusogea mpaka alipostaafu, na hakuwahi kuomba. Mambo ya chakula aliendelea nayo, ila kabla ya kukaa popote alianza kuuliza, "Samahani, hapa panauzwa?" hata palipoandikwa HOTELI kwa rangi nyekundu.

Bi Siwema aliubeba ule mkebe. Mzee Hamdani alitaka uende msikitini. Yeye akasema hela ya chakula irudi kwenye chakula, na baada ya Idi akafungua kibanda cha kweli karibu na soko. Dismasi akawa mteja wa kila siku. Alipewa mkia wa samaki, alilipa kamili, na vijiti vya meno alikuja navyo mwenyewe.

Ramadhani iliyofuata alikuwa akipita magharibi, haraka, macho chini, ubavuni mwa ukuta.

"We karani!" akaita Mzee Hamdani. "Unakwenda wapi? Karibu."

Akakaa. Adhana ikalia, akamega mhogo, akaonja mgebuka. Jamvi zima liliacha kutafuna likimwangalia. Samaki hakuwa na chumvi hata ya kuhesabia. Nyuma ya pazia nako sufuria zikaacha kugongana.

Dismasi akameza.

"Tamu," akasema.

"Mwongo!" ikatoka sauti ya Bi Siwema. "Nimekunyima chumvi makusudi!"

Na mkono ukatokea pazioni, umeshika kikopo cha chumvi.