Tenki Liliponyamaza

Sipendi kuandika habari hii, na mkiniona kanisani nimeinamisha uso wakati wa nyimbo msidhani ni utakatifu, ni aibu tu, maana Thika nzima (haya, si nzima, ni kiwanda kimoja cha kutia mananasi mikebeni, lakini kwangu hiyo ni Thika ya kutosha) inanijua kama kijana aliyefufuka kabla ya kufa.

Ilikuwa likizo. Mjomba Ndirangu, ndugu yake mama, ni fundi wa rangi, na ndiye aliyeniombea kibarua cha kukwangua rangi kuukuu ndani ya tenki la maji la kiwanda ili lipakwe upya. Tulitoka kwetu Gitothua alfajiri, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli yake nikijiona msomi aliyekubali kuwasaidia wakubwa. Njiani akaniambia hilo ndilo tenki lake la mwisho, kwa sababu mwenye duka mmoja mjini alikuwa amemwahidi kazi ya kuandika vibao vya maduka, na kweli sijaona mtu anayechora herufi zikanyooka kama zake, bila rula, kwa jicho tu.

"Ndani ya tenki mtu anazeeka kama kiazi," alisema. "Mimi nataka kufanya kazi juani, watu wakipita wanasoma."

Tenki lile lina tundu la duara juu, mtu mmoja tu ndiye anayepita, kisha unateremka ngazi ya chuma mpaka gizani na taa yako. Kazi yenyewe ni kupaka dawa ya kulainisha, rangi inavimba kama ngozi iliyoungua, ndipo unaikwangua. Lakini dawa hiyo ina harufu tamu tamu inayolevya, na mtu anaweza kusinzia humo asiamke tena, kwa hiyo watu wa kazi hii wana desturi yao: aliye ndani anafungwa kamba kiunoni na ni lazima aimbe, aimbe tu, wimbo wowote, na aliye juu anashika kamba na kusikiliza. Wimbo ukikatika, anavuta.

"Sitaki sala za moyoni humo ndani," nyapara Mutua aliniambia. "Imba! Tenki likinyamaza tunatafuta sanduku."

Sasa, mimi ni mtu ambaye hata darasani nikiulizwa jina nanong'ona, na mwaka huu sauti yangu inavunjika, mara ni ya mzee, mara ni ya mbuzi, na tenki linaikuza kama kengele ya kanisa. Siku ya kwanza wasichana wanaomenya mananasi walikuja kula kwenye kivuli cha tenki.

"Uui! Nani amefungia jogoo humu?" nikamsikia mmoja.

"Jogoo, tuimbie tena, chakula kishuke!"

Wakacheka mpaka nyapara naye akacheka. Mjomba peke yake ndiye aliyeinama kwenye tundu akaniambia, "Waache. Wewe imba."

Kesho yake filimbi ya chakula ilipolia nikawasikia wanakuja, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa: nikanyamaza. Nikajifunga sweta ya shule kichwani, masikio yote ndani, nisisikie watakavyonitania, nikachukua brashi na kwenda nyuma ya nguzo ya katikati kupaka dawa, kazi isiyo na kelele. Kamba ikanivuta kiuno. Nikadhani Mjomba ananilazimisha niimbe mbele ya wale wasichana, nikakasirika (mimi, ambaye sijawahi kumkasirikia mtu mzima), nikafungua fundo. Kamba ikapanda juu nyepesi, nami nikaendelea kupaka.

Yaliyotokea huko juu niliambiwa baadaye. Mjomba aliniita na kuniita, akavuta, akapata kamba tupu. Akapiga kelele, king'ora kikalia, na siku hizi king'ora kikilia kila mtu anafikiri wapiganaji wa msituni wamevamia, askari wakaja mbio na bunduki, mashine zikasimamishwa, wasichana wakalia. Mjomba hakungoja kamba nyingine. Akashuka hivyo hivyo na viatu vyenye dawa, akateleza kwenye ngazi, akaangukia debe la dawa, nayo ikamrukia usoni.

Mimi nilichohisi ni chuma kutetemeka tu. Nikageuka, nikamwona amepiga magoti, mikono machoni, akiuliza, "Njoroge, uko wapi? Unapumua?"

"Niko hapa, Mjomba."

Tulimpandisha. Mimi nilitoka mwisho, sweta kichwani, brashi mkononi, mzima kabisa, na wasichana walikuwa wameshaanza wimbo wa mazishi. Wakaukatiza katikati ya mstari.

"Ulizimia?" Mutua akauliza.

"Hapana."

"Mbona hukuimba?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Niliona haya."

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Yule aliyeniita jogoo alivua kitambaa chake, akakilowesha maji, akamwekea Mjomba machoni, na hakunitazama hata kidogo.

Hospitali wanasema jicho moja litapona, la pili hawajui. Mwenye duka amepata mwandishi mwingine wa vibao.

Sasa Mjomba anashinda uani kwetu, juani kama alivyotaka, macho yamefungwa bendeji. Jana nilipita polepole, asijue ni mimi. Akageuza kichwa.

"Nani huyo?"

Nikasimama.

"Njoroge? Kama ni wewe, imba, nijue uko."

Mama alikuwa mlangoni, majirani wanaanika mahindi ng'ambo ya ua, na watoto wao, wote wakisikia. Nikaimba. Sauti ikavunjika palepale, watoto wakacheka, nami nikaendelea, na nimeapa sitanyamaza tena mahali ambapo mtu ananisikiliza ili ajue kama niko hai, hata wakiniita jogoo mpaka nizeeke. Mjomba alinyoosha mkono tu, kama mtu anayeshika kamba.