Mchanga wa Mama Mkwe

Kazi yangu ni kupima mchanga wa mito mikavu, na ninaipenda mpaka inaponipeleka ukweni. Safari hiyo ilinipeleka. Akina mama wa kijiji kimoja upande wa Zombe waliomba bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kukingama mto ili mchanga ujae nyuma yake na maji ya mvua yajifiche humo. Mwenyekiti wao alikuwa mama mkwe wangu.

Sisi Wakamba, mtu na mama mkwe wake hawatazamani ovyo. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Vijana wa leo wanaicheka, lakini mama mkwe wangu hana mzaha nayo. Nikishuka mtoni, yeye anapanda ukingoni na kunipa kisogo. Nami nina hasira za karibu. Ningejuaje kisima chake cha mchangani hukauka lini, bila kumwuliza?

Akapata mkalimani: punda wake.

"Punda, ambia huyo mtu kisima inakauka Agosti."

"Punda, ambia mama nimesikia."

Wenzangu wa kazi walicheka hadi wakakaa chini. Nilinuna, kisha nikacheka pia, maana punda mwenyewe alikuwa anatafuna kamba yangu ya kupimia.

Lakini jambo lenyewe halikuwa mchezo. Matope yakizidi mchangani, au mwamba ukikosekana chini, ukuta ungejengwa kwingine, na mama yule angeendelea kufuata maji mbali, na mgongo wake unauma. Nilitamani sana apate bwawa lake. Nikapigilia nondo mchangani, ikazama, ikazidi kuzama, nikaanza kuingiwa na hofu. Kisha ikagonga mwamba. Tukajaribu ng'ambo ya pili, mwamba tena! Nikatia mchanga kwenye chupa ya maji, nikatikisa, nikaiacha itulie. Mchanga safi ulijaa chini, na matope yakabaki utando mwembamba tu juu yake.

"Punda," sauti iliita kule ukingoni, "uliza yeye kama inafaa."

Nikamshika punda sikio. "Punda, ambia mama mchanga wake ni mzuri. Ukuta inaweza kujengwa hapa hapa."

Nikasikia miguu ikishuka mbio. Mama mkwe wangu alisimama mbele yangu, ananitazama machoni. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuuona uso ule kwa karibu, na kumbe ulikuwa uso wa mke wangu kabisa.

"Wachana na punda," akasema. "Niambie mimi."